Siku nzima Kisumu, mimi na mzee wangu: jiji tulilolipitia miaka 12 bila kulitazama

Mama Lurambi (mwanzisha uzi)

Mulembe nyote. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo weka chai karibu.

Sisi ni watu wa Kakamega. Kutoka kwetu hadi Kisumu ni kama kilomita hamsini tu, na tangu tuoane miaka 12 iliyopita nadhani nimefika huko mara arobaini. Lakini ukiniuliza nilienda kufanya nini, nitakwambia kliniki nikiwa mjamzito, macho ya mama mkwe, sare za shule, au kushuka matatu na kukimbilia basi la Nairobi. Hakuna hata safari moja ambayo mimi na mume wangu tulitembea pale bila karatasi ya daktari au orodha ya kununua mkononi. Ziwa nililiona kupitia dirisha la gari.

Kila mwaka tunaweka akiba ya Mombasa, na kila mwaka akiba hiyo inaishia kwenye karo. Agosti hii nikamwambia, mzee, Mombasa ingoje. Twende Kisumu siku moja, tulale, turudi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Tukafanye nini huko?"

Swali hilo liliniuma. Mtu amezaliwa magharibi ya Kenya, amefika umri wa miaka 41, na hajui Kisumu ina nini zaidi ya hospitali na stendi. Naandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio kama sisi.

Watoto tuliwaacha kwa kukhu wao, yaani bibi yao, Ijumaa jioni. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukapanda matatu. Ushauri wa kwanza: ukitokea upande wetu, kaa dirisha la kulia. Mnapita Chavakali, mnapita Mbale na Majengo, mnavuka ikweta, halafu baada ya Kiboswa barabara inaanza kuteremka na ukuta wa vilima unafunguka. Uwanda wa Kano uko chini, jiji liko chini, na nyuma ya jiji maji yanang'aa hadi yanapotea. Mzee wangu aliacha simu yake na kutazama mpaka tukafika Mamboleo. Njia hii ameipita tangu akiwa mwanafunzi.

Kondele tulikunywa chai ya maziwa na mandazi ya moto, hatukukawia. Nilikuwa nimeambiwa na mwenzangu kazini aliyezaliwa huko kwamba siku ya Kisumu huipangi wewe, hupangwa na ziwa. Asubuhi maji yametulia. Mchana jua likishapasha nchi kavu joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na mvua nayo mara nyingi inakuja alasiri au jioni. Kwa hiyo mambo ya mtumbwi ni ya asubuhi, mambo ya ndani ya nyumba ni ya mchana, na jioni unarudi majini kutazama jua. Tulimsikiliza, na kila kitu kilikwenda sawa kwa sababu hiyo.

Saa mbili na nusu tukachukua tuktuk hadi Dunga.

Kijana wa Nakuru

Naweka mkeka hapa. Mimi nimeposa mwezi uliopita na mchumba wangu amechoka na flamingo za hapa kwetu, hahaha. Endelea, dada.

Mama Lurambi

Hongera sana, ndugu yangu. Naendelea.

Dunga ni kijiji cha wavuvi, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, na ukifika asubuhi unakuta kazi inaendelea. Mitumbwi ya waliolala ziwani inaingia. Akina mama wanasubiri na mabeseni. Samaki anapimwa, anabishaniwa, anaondoka. Tulisimama pembeni kama nusu saa bila kununua chochote na hakuna aliyetufukuza. Mvuvi mmoja alituonyesha omena za usiku ule, bado zinang'aa kama sindano. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta juu. Nimepika omena maisha yangu yote na sikuwa nalijua hilo.

Hapo tukatafuta mtumbwi. Wa kwanza aliyetukaribia alitaja bei nzuri, lakini nilipouliza jaketi za kuokolea akasema ziwa limetulia, hazina haja. Nikakataa. Mzee alitaka tupande tu, tukabishana kidogo mbele ya watu. Nawaomba, wapenzi wasomaji, hapo msione haya. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na ingawa Kenya ina kama asilimia 6 tu, sehemu yetu hiyo ndogo inatosha kumeza mtu. Tulitembea hatua mia moja, tukapata mwingine mwenye jaketi zilizofungwa vizuri, shilingi 500 kila mmoja kwa muda wa saa moja hivi. Tulilipa kwa furaha.

Na sasa niseme kuhusu mafunjo. Mimi nilidhani tunaenda kuona viboko. Viboko tuliwaona, masikio na pua, nahodha akizima injini mbali kabisa na kutuambia tusinyanyuke. Lakini kilichonishika moyo ni ule msitu wa mafunjo. Yamesimama majini marefu kuliko mtu, vichwa vyake kama nywele zilizotimka, na ndani yake kuna kelele za ndege usiowaona. Nahodha akasema subirini. Tukasubiri. Akatoka ndege mmoja, mgongo mweusi, tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa manjano. Anaishi kwenye mafunjo tu. Mafunjo yakikatwa yote au kuchomwa, ndege huyo hana pa kwenda. Nahodha alieleza kwamba mizizi yake huchuja uchafu unaotoka mjini kabla haujaingia ziwani, na kwamba samaki wadogo hujificha humo. Halafu watu wanayakata kwa ajili ya mikeka na kamba, na hilo nalo ni riziki ya mtu. Nilishika mkono wa mume wangu. Hatukuzungumza mpaka tuliporudi ufuoni.

Furukombe tulimwona akiwa juu ya mti. Mnandi wengi, mdiria wengi. Gugumaji pia lilikuwepo, kipande kikubwa cha kijani kilichoelea upande wa mji, na nahodha alilizunguka kwa mbali kwa sababu linashika injini.

Mstaafu wa Reli

Mwanangu, umeandika vizuri. Mimi nilifanya kazi Kisumu miaka mingi, ruhusu mzee aongeze neno.

Vijana wengi hawajui kwamba mji huo ulizaliwa na reli. Kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na ikafika ukingo wa ziwa Desemba 1901. Wazungu wakapaita Port Florence, kwa jina la mke wa Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji. Kutoka hapo mizigo ilipakiwa kwenye meli kwenda Uganda. Ndiyo maana hata leo ukisimama bandarini unaona reli inakwenda mpaka kwenye maji. Mwaka 2001, ilipotimia miaka mia moja, Kisumu ikafanywa jiji.

Mkipita tena Oginga Odinga Street, simameni kwenye mnara wa saa. Ulizinduliwa mwaka 1938, wakfu wa watoto wa Kassim Lakha, Mhindi aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871. Yaandikwayo pale ukutani yasomeni. Mtu anapita hapo kila siku akienda benki na hajui.

Na kwa huyo kijana wa Nakuru: treni ya abiria ya njia ya zamani ilirudi kati ya Nairobi na Kisumu Desemba 2021. Ni ya usiku na si ya haraka. Uliza stesheni ya kwenu ratiba ikoje sasa. Mchumba ukimpandisha treni hatakusahau.

Mama Lurambi

Asante sana, mzee wetu. Mnara tuliupita, na kweli hatukusoma. Safari ijayo nitasoma kila neno.

Sasa chakula. Najua wengi mnasubiri hapa.

Saa tano na nusu njaa ilikuwa imeshika. Palepale Dunga kuna mabanda na hoteli zinazopika samaki. Unaonyeshwa samaki mbichi, unachagua, anapimwa, kisha unauliza apikwe vipi. Tulichagua ngege (tilapia) mmoja mkubwa, akakaangwa mkavu kwanza, halafu nusu ya muda akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu. Mmoja tu. Mzee alitaka kuagiza wawili, kila mtu wake, nikamwambia hapana, leo tunakula sinia moja.

Ugali ulikuwa wa wimbi, mweusi, mzito, unaoshikika. Mboga ilikuwa osuga, yaani managu, iliyopikwa na maziwa ikalazwa usiku. Wenzetu Wajaluo hawana haraka na mboga chungu. Wanaipika, wanaongeza maziwa, inakaa, inapashwa tena, na uchungu unageuka kuwa utamu fulani ambao siwezi kuueleza. Nimemwomba mama aliyetupikia anifundishe, akacheka na kusema njoo ukae wiki moja.

Tuliletewa jagi na beseni, tukanawa, tukaanza kula kwa mikono, mimi kutoka mkiani na yeye kutoka kichwani. Katikati tukakutana. Mume wangu alinitolea nyama ya tumboni, ile laini, akaiweka upande wangu bila kusema kitu. Nyumbani kwetu tunakula watu saba mezani, mmoja analia, mmoja hataki mboga, mimi nakula nimesimama. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokula polepole hivyo. Nilitaka kulia na nikasingizia pilipili.

Jumla na soda mbili, shilingi 1,100. Muulize bei kabla ya samaki kuingia kwenye mafuta, si baada.

Binti Dunga

Dada, erokamano kwa kututembelea. Mimi ni wa ufuo huohuo, mama yangu amekaanga samaki pale tangu nikiwa mtoto. Naomba niwafundishe wageni kuchagua.

Kwanza tazama jicho. Jicho la samaki mbichi limejaa na lina mng'ao. Likizama au likiwa na ukungu, mwache. Pili inua shavu uone matamvua. Yawe mekundu. Tatu bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Harufu iwe ya maji, isiwe ya samaki. Ndiyo, samaki mzuri hanuki samaki.

Kuna wa ziwani na kuna wa vizimba, wanaofugwa humo humo ziwani kwenye nyavu. Wa vizimba mara nyingi wanalingana ukubwa na wana mafuta zaidi. Si wabaya, ila uambiwe ukweli. Sokoni pia kuna wa barafu kutoka China, na huyo bei yake iwe yake.

Jambo moja zaidi. Huyu tunayemwita ngege sote siku hizi, ambaye ndugu zetu wa Mwanza wanamwita sato, kwa kawaida si ngege wa babu zetu. Aliletwa ziwani miaka ya 1950. Mbuta, yaani sangara, naye aliletwa miaka hiyo hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akamaliza fulu wengi, wale wadogo wa rangi rangi. Bibi yangu anataja majina ya samaki ambao mimi sijawahi kuwaona. Tunamsikiliza tu.

Mama Lurambi

Binti Dunga, hayo ya samaki wa bibi yako yamenigusa. Yaandike majina hayo mahali, tafadhali, kabla hajachoka kuyasema.

Baada ya chakula tulipitia hifadhi ya swala pala, iko njiani mkirudi mjini. Ni ndogo mno, kilomita za mraba 0.34, ilitangazwa hifadhi mwaka 1992 ili swala waliobaki mjini wasimalizwe. Swala wanatembea huru, na kuna wanyama waliookolewa wanaokaa ndani ya uzio, simba na chui wakiwemo. Malipo ni kwa eCitizen, jipangeni mapema maana mtandao ulitusumbua. Sisi tulitembea chini ya miti mikubwa kwa saa moja, tukaondoka. Wenye watoto watapenda zaidi.

Makumbusho, hapo ndipo nawasihi msipapite. Yako barabara ya kwenda Nairobi, yalifunguliwa mwaka 1980. Kuna nyoka, mamba, samaki hai, na mbuta aliyehifadhiwa ambaye ni mkubwa ajabu. Lakini nyuma kuna boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa kipimo chake halisi. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazama lango moja kwa moja. Ya wa pili, nyachira, iko upande wa kulia wake, ya wa tatu, reru, upande wa kushoto. Simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, iko karibu na lango. Maghala yapo. Unaingia ndani, unainama mlangoni, unaona mahali pa moto na mahali pa mitungi.

Tulikaa kwenye kivuli cha nyumba ya mikayi na mume wangu akaanza kunieleza boma la babu yake kule Butere lilivyokuwa, nani alikaa wapi, kwa nini mlango wa bibi yake ulitazama kule ulikotazama. Miaka 12 ya ndoa na hakuwahi kunisimulia. Mimi nami sikuwahi kuuliza. Tulikaa pale muda mrefu.

Jirani wa Seme

Shemeji zetu wa Kakamega, mmefika hadi nyumba ya mikayi mkaacha kuja kwa Mikayi mwenyewe? Kit Mikayi iko kwetu Seme, kama kilomita 30 kutoka Kisumu, barabara ya Bondo. Mawe makubwa yamepandana juu ya mengine, marefu kuliko miti, na ndani yake mna nafasi za kupita na kukaa.

Kisa chake tulivyopewa na wazee: palikuwa na mzee aitwaye Ngeso aliyelipenda jiwe lile kuliko kitu chochote. Kila asubuhi akiamka anakwenda pangoni na kushinda humo kutwa, mpaka mke wake anampelekea chai na chakula cha mchana huko. Watu wakimuuliza mke, mzee yuko wapi, anajibu: amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Ndiyo maana ya jina, jiwe la mke wa kwanza.

Watu bado huenda kuomba pale, wengine hukaa siku kadhaa wakifunga. Kwa hiyo mkija, njooni kwa heshima. Sauti chini, na mkikuta watu kwenye maombi pitieni upande mwingine. Vijana wa pale watawaongoza kupanda. Vaeni viatu vya kushika.

Mama Lurambi

Jirani, mume wangu amesoma kisa cha Ngeso kwa sauti hapa sebuleni. Kimemkaa. Tutakuja.

Nimalizie siku yetu. Saa kumi na moja tulikuwa Hippo Point. Upepo ulikuwa umevuma kama nilivyoambiwa, mawimbi mafupi mafupi, mitumbwi imerudi karibu. Kulikuwa na wapenzi wengine, familia, mtu mmoja mzee peke yake na redio. Kwa kuwa Kisumu iko magharibi sana ya nchi, jua linachelewa kuzama, siku ile lilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Tulikuwa na muda. Tulinunua njugu, tukakaa kwenye nyasi.

Tulizungumza kuhusu vitu vya kawaida: paa la jikoni, mtoto wa pili ambaye hasomi vizuri, mama yake anayesahau. Nyumbani mazungumzo hayo hugeuka ugomvi kwa sababu kila mmoja amechoka. Pale hayakugeuka. Jua likawa jekundu, likagusa maji, na kila mtu ufuoni akanyamaza kwa pamoja, hata watoto. Mzee mwenye redio aliizima.

Tulilala nyumba ya wageni ya kawaida tu, Milimani, safi na tulivu. Asubuhi Jumapili tukapita soko la Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku yake kubwa, nguo za mitumba na viatu na vyungu hadi barabarani. Nilinunua omena kavu gorogoro mbili na chungu cha kupikia mboga. Kabla ya saa sita tulikuwa nyumbani.

Kijana wa Nakuru

Dada, nimesoma mara mbili. Mchumba wangu hali samaki kabisa, mwili wake unakataa. Atakula nini huko?

Binti Dunga

Asiogope. Aulize kuku wa kienyeji, gweno, au aliya, nyama iliyokaushwa kisha ikapikwa na mchuzi. Ila awaambie wapishi mapema wasitumie mafuta yaliyokaanga samaki. Kwetu mafuta ni hayo hayo, asiposema hawatajua.

Mama Lurambi

Na mimi nina habari. Tumeamua Desemba tunarudi, safari hii na watoto, na kukhu pia. Ana miaka 74 na hajawahi kupanda mtumbwi. Tutaanza Dunga asubuhi, kesho yake Seme. Jana nilipomweleza alisikiliza yote, jaketi, viboko, ndege mwenye tumbo jekundu, halafu akauliza jambo moja tu: fimbo yake ataiweka wapi.

Binti Dunga

Mwambie kukhu chini ya ubao wa kukalia pana nafasi. Kaka yangu ndiye atakayemshika mkono wakati wa kuingia.